Kelele haziporomoshi theluji

Sisi wa Kasese, magharibi mwa Uganda, tunaiona theluji ya milima ya Rwenzori kwa mbali, na mengine tumeyaokota kwenye filamu: eti mtu akipiga kelele mlimani, theluji inaporomoka. Si kweli. Sauti ya binadamu ni dhaifu mno. Kinachotakiwa ni tabaka la theluji iliyoshikamana, lililokalia tabaka legevu, kwenye mteremko mkali, mara nyingi wa nyuzi 30 hadi 45; kisha uzito uongezeke: theluji mpya, upepo unaoirundika, au mtu mwenyewe. Huko kwenye milima ya Alps, Ulaya, wengi wanaofukiwa huwa wameliangusha poromoko wao au wenzao, tena kimyakimya. Anayepanda Margherita, kilele kirefu kuliko vyote vya Rwenzori, mita 5,109, achunge zaidi nyufa za barafu na mawe yanayoanguka. Kuimba ruksa.