Jicho moja, kasoro mbili, na wewe umeandika moja tu

Wiki hii tena nimeletewa kijana wa S.3 (sekondari, mwaka wa tatu) hapa Jinja, Uganda, jicho la kushoto halioni ubao, na karatasi aliyokuja nayo imeandikwa nyuzi nyeupe kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha), hakuna cha kufanya. Mama yake ananiuliza, "Musawo," yaani daktari, "kwa hiyo ndo basi?" Basi ya nini mama, kaa hapo kwanza.

Jamani, kukuta kitu kimoja siyo kumaliza kutafuta!

Hizo nyuzi nyeupe ni mayelini, ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva. Kawaida inaishia nyuma ya diski (pale neva ya jicho inapotokea), kwenye kichujio kinachoitwa lamina kribrosa, ila kwa karibu mtu 1 kati ya 100 inavuka na kuingia kwenye retina, unaona baka jeupe lenye kingo kama unyoya, limefunika mishipa ya damu hapa na pale. Linavutia kweli, na shida ndo hapo, mtu akishaliona anazima ofthalmoskopu, kile kifaa cha kuchungulia ndani ya jicho, anaenda kula rolex, chapati yetu ya mayai. Mara nyingi halina madhara, doa pofu (sehemu ya jicho isiyoona) linaongezeka tu, ingawa likiwa kubwa linaweza kuja na mayopia kali (kutoona mbali) na jicho vivu (ubongo haukujifunza kulitumia), hilo nakubali.

Lakini huyu kijana tangu aingie anasugua macho, tena kwa vifundo vya vidole, aleji ya miaka. Nawasha retinoskopu, taa ya kupimia macho, mwanga unafunguka na kufunga kama mkasi. Keratokonasi! Konea, kioo cha mbele cha jicho, imekonda na kuchongoka, na hii haitulii kama mayelini, umri wake ndo inakimbia. Nikampa kadi yenye tundu dogo, inayopunguza ukungu unaoletwa na mbele ya jicho, akasoma mistari mitatu zaidi. Sasa kama retina ndo ilikuwa inamzuia, tundu la kadi lingemsaidia nini?

Sikumwahidi mama macho mapya lakini. Kama jicho lilikuwa vivu tangu utotoni, lenzi ngumu ya kuvaa juu ya konea itanyoosha picha na bado ubongo usiisome vizuri. Na mayopia aliyonayo, ni konea iliyochongoka au jicho lililorefuka? Bila kupima urefu wa jicho nabahatisha tu. Kama mayelini na keratokonasi ni ndugu au zimekutana njiani, mimi naegemea njiani, ila siwezi kuapa.

Nimemtuma kwa krosilinki, tiba ya kukaza konea kwa matone ya vitamini B2 na mwanga wa UVA, hairudishi macho, inazuia konea isizidi kuharibika.

"Na ile nyeupe, mtaitoa lini?"

"Hiyo iache mama, kakua nayo. Toa huo mkono."

Maana alishaanza kusugua tena.