Medali ya Muairishi: soma ukingo kwanza, sura baadae

Watu wakinitumia picha ya medali ya zamani karibu wote wanapiga mbele na nyuma, kichwa cha mfalme kimekaa vizuri, afu swali ni bei gani hii. Jibu langu ni lile lile, niletee picha ya ukingo. Ile medali ya fedha ya vita kuu ya kwanza Uingereza ilitoa zaidi ya milioni 6, zote zina Mfalme George wa 5 mbele na nyuma Mtakatifu George kampanda farasi bila nguo (sijui nani alipitisha hilo wazo lakini ndo hivyo), kwahiyo sura haikwambii kitu. Kinachokwambia kitu ni ule mstari mdogo wa herufi unaozunguka pembeni: namba ya askari, cheo, jina, kikosi.

Kwa sisi tunaokusanya za Waairishi tunatafuta vifupisho kama R. DUB. FUS. (Royal Dublin Fusiliers), R. MUNS. FUS. (Royal Munster Fusiliers), CONN. RANG. (Connaught Rangers) na LEINS. R. (Leinster Regiment), maana hivi ni vikosi vilivyoajiri kusini mwa Ireland na vilivunjwa 1922 baada ya nchi kujitenga, bendera zao zikarudishwa kwa mfalme pale Windsor mwezi Juni. Hakuna kikosi kilichobaki kuendeleza jina. Na nyumbani nako mambo yalishabadilika, mtu aliyepigana upande wa Mwingereza hakuwa wa kujionyesha mtaani, medali nyingi zikaishia kwenye droo na nyingine kwa sonara. Silva ilipopanda mpaka karibu dola 50 kwa aunsi Januari 1980 nyingi ziliyeyushwa tu, ndo maana mpaka leo unakutana na ile ya shaba ya ushindi iko peke yake, mwenzake wa fedha hayupo.

Sasa jina na namba unavipeleka wapi? Faili za askari wa kawaida zaidi ya nusu ziliungua London Septemba 1940 kwenye mabomu ya Wajerumani, lakini kadi za medali zilipona, nakala zake ziko kwenye hifadhi ya taifa Kew, London, na unaziona mtandaoni. Kadi ni ndogo, mwandiko wa karani, na wengi wanaishia kusoma jina wakidhani wamemaliza. Mimi jicho langu linaenda chini kushoto, pale penye uwanja wa vita aliouingia kwanza na tarehe ya kuingia. Chukua askari wawili wa Munster wenye ile medali ya nyota ya 1914-15 (hiyo jina liko nyuma, sio ukingoni). Mmoja kadi inasema Ufaransa, Desemba 1915, sawa, medali nzuri. Mwingine imeandikwa 2B na tarehe 25 Aprili 1915, hapo nakaa vizuri kwenye kiti, kwasababu 2B ni Gallipoli huko Uturuki na siku hiyo Munster batalioni ya kwanza walikuwa ndani ya meli River Clyde iliyopandishwa makusudi ufukweni V Beach, wakatoka kwenye matundu yaliyokatwa ubavuni huku bunduki za Waturuki zinawasubiri, na wenzao wengi wa Dublin wanakuja kwa maboti ya makasia. Medali ni ile ile kwa macho ila bei haifanani hata kidogo, na mimi naona ni haki.

Na ndo hapo matapeli wanapoingia. Wanasaga ukingo, wanafuta jina la mtu asiyetafutwa, wanaweka la mtu wa Gallipoli. Herufi za vita ya kwanza ziligongwa kwa mashine, zimezama sawasawa, ukikuta zimechongwa kwa mkono anza kuwa na wasiwasi. Pima kipenyo kwa kalipa, inatakiwa milimita 36, na upime sehemu kadhaa kwasababu ukingo uliosagwa unapungua. Afu chukua lenzi ya sonara uangalie mikwaruzo inayokimbilia upande mmoja. Ofisa wa jeshi asikushtue kama hana kikosi ukingoni, wao waliandikiwa cheo na jina tu.

Medali za upande wa pili, za wale waliopigana na Mwingereza, zinakupa shida nyingine kabisa. Serikali ya Ireland ilizianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1940, moja ya mapinduzi ya Pasaka 1916 na moja ya vita ya uhuru, hii ya pili utepe wake ni mweusi na kahawia kwahiyo watu wanaiita Black and Tan, jina la polisi wa Mwingereza ambao ndo walikuwa maadui wenyewe! Karibu zote hazina jina. Kwenye hii ya vita ya uhuru zipo zenye kipande cha chuma kimeandikwa COMRAC juu ya utepe, hizo ni za waliokubaliwa kwamba walikuwa vitani kweli, na zisizo nacho ni nyingi zaidi na bei yake ni ya chini. Ushajua kinachofuata: mtu ananunua isiyo nacho, anapachika Comrac feki, anapiga bei. Hapa lenzi haitoshi, unataka karatasi, boksi lake, barua, na faili ya pensheni kwenye hifadhi ya jeshi Dublin, nyingi wameshaziweka mtandaoni bure. Medali ya 1916 bila karatasi mimi sinunui, hata muuzaji aape kwa bibi yake.

Kwa wasomaji wa Kenya, kuna moja inawahusu moja kwa moja. Africa General Service Medal yenye kipande cha KENYA, ya kipindi cha Mau Mau 1952 mpaka 1956, ina malkia mbele na jina ukingoni. Waliopewa sio KAR (King's African Rifles) peke yao, batalioni ya kwanza ya Royal Inniskilling Fusiliers kutoka Ireland ya Kaskazini nayo ililetwa huko, kwahiyo ukiona R. INNISKS. ukingoni hujakosea kusoma. Ya askari wa KAR mara nyingi inauzwa rahisi kwasababu wanunuzi wa Ulaya hawana pa kumfuatilia huyo mtu, na hapo mwenye ndugu wazee wa kuuliza kijijini ana faida ambayo mnada wa London hauna.