Kabla ya kushuka kusini, yatafute maji ndani ya boti yako

Majani yakishapukutika kwenye pwani ya mashariki ya Marekani, boti za starehe huanza kuteremka kutoka Ghuba ya Chesapeake kwenda Florida. Wengi huondoka Oktoba na Novemba. Mimi ni fundi wa injini za dizeli za baharini, na wateja wanaonitafuta zaidi ni wa kundi la mwisho, wale wanaoondoka Desemba wakati gati limeshaanza kushika barafu alfajiri. Baadhi yao hawakuchelewa kwa kupenda. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki humalizika rasmi tarehe 30 Novemba, na zipo bima zisizoruhusu chombo kushuka mapema.

Swali lao la kwanza huwa lile lile: je, dizeli itaganda? Ni kweli dizeli ina nta, na baridi ikizidi nta hiyo hujitenga na kuziba chujio. Lakini tangi la boti iliyo majini hukaa chini, limezungukwa na bahari, na maji ya chumvi yenyewe hayagandi mpaka yakaribie nyuzi 2 chini ya sifuri. Kwa kawaida mafuta yaliyomo hayafikii baridi ya kutoa nta. Lori lililolala nje usiku kucha liko hatarini zaidi. Kinachozima injini katika safari hii ni maji, na hayo ndiyo ninayotaka kila mwenye boti ayatafute kabla ya kufungua kamba.

Tangi lililokaa nusu tangu majira ya joto hupumua. Mchana hewa hutanuka na kutoka, usiku hujikunja na kuvuta hewa nyingine yenye unyevu, na unyevu ule hugeuka matone kwenye kuta za tangi. Matone hushuka chini kwa sababu maji ni mazito kuliko dizeli. Pale maji na mafuta yanapokutana huota vijidudu, vikaacha utando mweusi wa kunata. Boti ikiwa imetulia gatini hutaona dalili yoyote. Injini itawaka vizuri na utaondoka ukiwa na amani.

Njia ya ndani ya pwani (Intracoastal Waterway), ile ya mifereji na mito inayokwenda sambamba na bahari, huanza kuhesabiwa Norfolk, Virginia, maili sifuri. Unapita lango la maji la Great Bridge, unafuata mifereji iliyotulia, na baada ya maili 65 hivi unatokea Albemarle Sound, hori pana lenye kina kifupi. Upepo ukivuma hapo mawimbi huwa mafupi na yamesimama wima, boti inarushwa huku na huko, na uchafu wote uliokuwa umelala chini ya tangi unapanda. Chujio linaziba katikati ya mawimbi. Wenye boti huniambia, “Fundi, mimi nina injini mbili.” Injini mbili zinazokunywa mafuta machafu ya aina moja zitazimika kwa kupishana dakika chache tu.

Kwa hiyo, vuta sampuli kutoka sehemu ya chini kabisa ya tangi, itie kwenye chupa ya kioo, iache itulie. Ukiona mstari wa maji au uzi mweusi, mwite mtu mwenye mtambo wa kusafisha mafuta, kisha jaza tangi mpaka juu ili hewa isipate nafasi. Chujio la kwanza mimi huweka la maikroni 10 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita, kipimo cha matundu yake), na lile lenye matundu madogo zaidi, la 2, naliacha kwenye injini yenyewe. Ukianza na 2 utakuwa unabadilisha vichujio njia nzima. Weka kwenye chujio geji inayopima nguvu ya kuvuta mafuta, kwani sindano yake hupanda kabla injini haijaanza kukohoa. Fanya mazoezi ya kubadilisha chujio na kutoa hewa kwenye mfumo wa mafuta ukiwa gatini, kwa mikono yako mwenyewe.

Upande wa kupozea, nusu kwa nusu ya maji na dawa ya kuzuia kuganda ya etilini glaikoli ndani ya injini hukukinga mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Dawa hiyo ni sumu; kwenye mabomba ya maji ya kunywa hutumika ile ya waridi ya propilini glaikoli, na bado huoshwa kabla ya matumizi. Hofu yangu iko kwenye maji ya bahari yanayobaki juu ya usawa wa bahari: chujio la kuingizia maji, mabomba ya mpira ya jenereta, pampu ya kuoshea sitaha. Barafu huvipasua kimya kimya, ukagundua siku ya pili. Badilisha pia impela, lile gurudumu la mpira linalosukuma maji ndani ya pampu, na kama ya zamani imepoteza mbawa, usiondoke mpaka umevipata vile vipande, maana huenda kuziba kipoza joto.

Viyoyozi vya botini vinavyogeuzwa kuwa hita huvuta joto kutoka baharini. Maji yakishuka chini ya nyuzi 5 hivi, vingi havifanyi kazi tena, kwa hiyo weka hita ya dizeli, na king'ora cha kaboni monoksaidi, ile hewa ya sumu isiyo na harufu, pale watu wanapolala. Betri za risasi hupoteza sehemu ya nguvu zake karibu na sifuri. Za lithiamu zisichajiwe chini ya hapo.

Mwili wa binadamu una hesabu yake. Gordon Giesbrecht, aliyetafiti baridi katika Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, ndiye aliyeeneza kanuni ya 1-10-1: ukitumbukia kwenye maji ya baridi una dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 za mikono kufanya kazi, na saa 1 kabla ya kupoteza fahamu. Hizo dakika 10 hazina faida bila jaketi la kujiokolea, basi livae kila unapotoka kwenye sitaha, hata gatini.

Aliyezoea kaskazi ya Mombasa au Unguja, upepo wa joto, asiutazame upepo wa kaskazini wa huku kwa jicho hilo. Nje ya Cape Hatteras, rasi ya North Carolina, upepo huo hukutana na Mkondo wa Ghuba (Gulf Stream), mkondo wa bahari wenye nguvu unaokwenda kinyume chake, na mawimbi yake huvunja vyombo vikubwa kuliko chako. Pita ile njia ya ndani mpaka Beaufort, North Carolina. Panga mwendo mfupi, kwani Desemba jua la Norfolk huzama kabla ya saa kumi na moja jioni.

Na ukivuka mpaka wa Florida, hita usiifungie bado. Januari 2018 theluji ilianguka Tallahassee, mji mkuu wa jimbo hilo.