ANA ikiwa juu, si lazima lupasi iwe imechachamaa

Wagonjwa wengi wa lupasi (ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe) huomba kipimo cha ANA, yaani kingamwili zinazolenga viini vya seli za mwili, kila kliniki, wakiamini namba ikipanda ugonjwa nao umepanda. Sivyo. ANA husaidia kuutambua ugonjwa. Baada ya hapo yaweza kubaki juu miaka mingi mgonjwa akiwa ametulia, na hata baadhi ya watu wasio na lupasi wanayo. Kingamwili zinazofuatana zaidi na ugonjwa ni zile zinazolenga DNA: zikiongezeka huku protini za damu C3 na C4 zikishuka, daktari huwaza huenda figo zimeguswa, na kipimo cha mkojo (rahisi mno, lakini hupuuzwa) huwa na uzito. Hata kingamwili hizo hudanganya. Wapo wenye kingamwili hizo tele na hawaumwi popote. Hao hufuatiliwa kwa karibu, hawaongezewi dozi kwa sababu ya karatasi ya maabara tu.