Ziwa la Crystal Palace lilikuwa likijaa na kupwa

Kwa wengi wetu Crystal Palace ni timu ya mpira. Wachache wanajua kwamba ni bustani ya umma kusini mwa London, na kwamba jina lenyewe ni la jumba la chuma na vioo. Jumba hilo lilijengwa Hyde Park kwa ajili ya Maonyesho Makubwa ya 1851, kisha likafunguliwa kipande kwa kipande na kuhamishiwa kilima cha Sydenham, ambako Malkia Victoria alilizindua Juni 1854. Siku hizi halipo. Chini kabisa ya mteremko limebaki ziwa lenye sanamu za wanyama wa kale, na habari nyingi zinazosimuliwa kulihusu si za kweli.

"Lile ni ziwa la asili, sanamu ziliwekwa baadaye."

Si kweli. Ziwa lilichimbwa bustani ilipokuwa ikitengenezwa, katika mpango wa Joseph Paxton, yuleyule aliyebuni jumba la vioo. Sanamu na ziwa vilipangwa pamoja tangu mwanzo.

"Lilichimbwa liwe pambo tu."

Hapa ndipo watu wanapokosa uhondo wote. Paxton alitaka chemchemi za kurusha maji juu sana, kuliko zile za Versailles, jumba la kifalme la Ufaransa. Maji hayaruki hivihivi. Lazima yatoke juu yakiwa na nguvu. Mhandisi Isambard Kingdom Brunel akasimamisha minara miwili mirefu ya maji, mmoja kila upande wa jumba, na mitambo ya mvuke ikawa inasukuma maji hadi kwenye matangi ya juu. Chemchemi kubwa zilianza kazi Juni 1856. Zikifunguliwa, maji yanateremka kwa mabomba, yanaruka, yanaanguka kwenye mabwawa, kisha yanafuata mteremko hadi ziwa la chini. Kutoka hapo yanasukumwa tena juu.

Kwa hiyo ziwa lilikuwa tangi la mtambo mzima. Siku ya chemchemi maji yake yalipanda, na pampu zikifanya kazi yalishuka. Waingereza wenyewe waliliita ziwa la maji kujaa na kupwa. Mtu wa pwani ataelewa mara moja maana ya jambo hilo: wanyama wa baharini waliochongwa pale walikuwa wakifunikwa na kufunuliwa, kama miamba inavyofunuliwa bamvua likitoka. Nasikitika kila ninapoona kibao cha maelezo kinachowataja wanyama bila kuyataja maji.

Mtazame mosasaria, mtambaazi mkubwa wa baharini wa kale. Kichwa kipo, meno yapo, na mgongo unaanza kupinda kuelekea majini. Ukitafuta mkia hutaupata, kwa sababu haukutengenezwa kamwe. Wakati ule wataalamu walikuwa na fuvu, na mwili uliosalia hawakuujua vizuri, basi mchongaji akachonga sehemu zilizojulikana na kuacha maji yasitiri nyingine. Huo kwangu ni uaminifu mkubwa.

"Wote wale ni dinosaria."

Sanamu zinakaribia 30. Dinosaria ni 4 tu: Iguanodon wawili, Megalosaurus na Hylaeosaurus. Waliobaki ni watambaazi wa baharini, wanyama kama vyura wakubwa, mamalia wa kale na wengineo.

"Wachongaji walikuwa wakibahatisha."

Benjamin Waterhouse Hawkins, mchongaji wa sanamu hizi, alifanya kazi kwa ushauri wa Richard Owen, mwanasayansi aliyelibuni neno dinosaria lenyewe mwaka 1842, na hakuna aliyekuwa amewahi kuwajenga wanyama hao kwa ukubwa wao kamili. Makosa yapo. Iguanodon amewekewa pembe puani, na ilikuja kujulikana kwamba ile ni mwiba wa kidole gumba, baada ya mifupa mingi kupatikana Bernissart, Ubelgiji, mwaka 1878. Lakini kumcheka Hawkins kwa jambo lililofichuka zaidi ya miaka 20 baadaye ni kumwonea. Na alijenga kweli: Iguanodon mmoja peke yake alikula matofali 600 na mapipa 38 ya saruji, juu ya nguzo za chuma.

"Moto wa 1936 ndio ulioua chemchemi."

Moto wa usiku wa 30 Novemba 1936 uliteketeza jumba, lakini chemchemi kubwa zilikuwa zimekwisha kufa zamani. Bwawa lake moja lilifukiwa likawa uwanja wa mpira, na fainali za Kombe la FA zikachezwa pale kuanzia 1895 hadi 1914. Timu ya Crystal Palace nayo ilianzia humo mwaka 1905. Sasa iko Selhurst Park.

"Mashabiki wa Bob Marley waliogelea kati ya dinosaria."

Aliimba bustanini 7 Juni 1980 na watu kweli waliingia majini, ila hilo ni bwawa jingine, lililo mbele ya jukwaa.

Leo ziwa la sanamu halijai wala halipwi. Mwaka 2007 sanamu zilipewa daraja la juu kabisa la hifadhi nchini Uingereza, na 2020 zikaingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa nyufa zilizoonekana miguuni na vidoleni.