Jalada la Kisima SS-25: dhana potofu kuhusu hifadhi za gesi ardhini

Tarehe 23 Oktoba 2015 wafanyakazi wa hifadhi ya gesi ya Aliso Canyon, juu ya mtaa wa Porter Ranch pembezoni mwa Los Angeles, waligundua kwamba kisima SS-25 kinavuja. Walijaribu kukizima kwa kusukuma maji na tope zito kutoka juu. Walijaribu mara saba, na mara zote saba gesi ilishinda. Hatimaye kikachimbwa kisima kingine cha pembeni kukifuata kile kibovu huko chini, na tarehe 11 Februari 2016, siku ya 111, uvujaji ukadhibitiwa. Kufikia hapo familia zaidi ya 8,000 zilikuwa zimehama makwao, na kwa hesabu ya mamlaka ya hewa ya California tani 109,000 hivi za methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, zilikuwa zimekwenda angani.

Tangu siku hizo hifadhi za gesi za ardhini zimezungumzwa sana, na mengi yanayosemwa si ya kweli. Nitaanza na yale mepesi.

Dhana: chini ya ardhi kuna tangi, au pango kubwa tupu lililojaa gesi.

Mara nyingi hakuna pango wala tangi. Marekani ina hifadhi kama 400 za aina hii, na takriban asilimia 80 ni viwanja vya zamani vya mafuta au gesi ambavyo vimekwisha kunyonywa. Gesi husukumwa irudi ndani ya vitundu vidogo vya mwamba, ikakaa humo kama maji yanavyokaa ndani ya mchanga wa pwani: hulioni dimbwi, lakini chimba kwa mkono na shimo litajaa. Hifadhi nyingine ziko kwenye miamba iliyokuwa na maji. Mapango ya kweli yapo kwenye matabaka ya chumvi, na hayo huchongwa makusudi kwa kuyeyusha chumvi kwa maji.

Tofauti hii ina uzito wake. Aliso Canyon ulikuwa uwanja wa mafuta. Kisima SS-25 kilichimbwa mwaka 1953 kutoa mafuta, na mwaka 1973 kikageuzwa cha kuhifadhia gesi. Kazi yake ikabadilika: badala ya mafuta kupanda tu, gesi ikawa inashindiliwa wakati mahitaji ni madogo na kutolewa wakati wa baridi, presha ikipanda na kushuka mwaka baada ya mwaka, ndani ya chuma kilekile cha enzi za mafuta.

Dhana: ni bomu lililozikwa.

Methani haiwaki bila hewa. Huwaka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya mchanganyiko wake na hewa, na mita 2,600 chini ya ardhi hakuna hewa ya kuchanganyika nayo. Agosti 2004 pango la chumvi la Moss Bluff, Texas, lilishika moto uliowaka kwa karibu wiki nzima, lakini ulikuwa unawaka mdomoni mwa kisima, pale gesi ilipokutana na hewa. Pango lenyewe halikulipuka. Hatari iko kwenye njia ambayo gesi inapitia kuja juu, na njia hiyo ni kisima.

Dhana: ikivuja tutajua tu, kama mtungi wa jikoni.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni na kutuama kwenye pembe. Methani ni nyepesi, hupanda. Na kwa asili yake haina harufu. Ile harufu kali tunayoijua hutiwa na watu, ili pua itoe taarifa, na kwenye mabomba makubwa ya kusafirishia mara nyingi haijatiwa bado. Porter Ranch waliinusa kweli, wakalalamikia maumivu ya kichwa na kutokwa damu puani. Si kila jirani wa kisima atapata onyo hilo.

Dhana: kisima kikikaguliwa kila mwaka hakina tatizo.

SS-25 kilikuwa kinapimwa kila mwaka. Kipimo chenyewe kilikuwa cha jotoridi: unateremsha kifaa kisimani na kusoma joto mita kwa mita. Gesi inayopenya tundu ikitoka penye presha kubwa hupoa, kwa hiyo penye baridi isiyo ya kawaida pana uvujaji. Ni kipimo kizuri, ila kinaona tundu likishakuwa tundu. Hakisemi ukuta wa chuma umebaki na unene gani.

Kampuni ya Blade Energy Partners, iliyopewa kazi ya kutafuta chanzo, ilitoa ripoti yake Mei 2019. Kesingi ya inchi 7, yaani bomba la chuma linalokinga kuta za kisima, ilipasuka mita 272 hivi kutoka juu. Kutu ilikuwa imeitafuna kutoka nje, ikisaidiwa na vijidudu wanaoishi katika maji ya ardhini. Kanuni za wakati ule hazikumlazimisha mtu kupima unene wa kesingi. Tena gesi ilikuwa ikipita ndani ya bomba la katikati na pia katika nafasi iliyopo kati ya bomba hilo na kesingi, kwa hiyo ukuta uliokuwa ukitenganisha gesi na dunia ulikuwa mmoja tu. Kanuni mpya za California, zilizoanza Oktoba 2018, zinataka kuta mbili: gesi ipite bomba la katikati, na kesingi ibaki kuwa akiba.

Dhana: kumbukumbu ni urasimu tu, usalama uko kwenye vali na vyuma.

Hii ndiyo inayonikera zaidi, maana husemwa hata na mafundi hodari.

Fungua jalada la SS-25. Vali ya usalama ya chini kisimani iliondolewa mwaka 1979 na haikurudishwa. Haikuwa siri, imo kwenye kumbukumbu za kisima. Sheria ya jimbo haikuilazimisha pale, kwa kuwa kisima hakikuwa ndani ya mita 91 hivi kutoka kwenye nyumba. Songa mbele hadi 1988: unakuta waraka wa ndani unaopendekeza visima 20 vikaguliwe kesingi, SS-25 kikiwamo. Vilivyokaguliwa ni saba. SS-25 hakikuwamo.

Halafu funga jalada hilo ufungue ya visima vya jirani. Blade ilikuta kwamba kesingi za uwanja ule zilishavuja zaidi ya mara 60 kabla ya 2015. Kila mara kisima kilitengenezwa na kazi ikaandikwa, ila uchunguzi wa kina wa kwa nini chuma kilishindwa haukufanyika. Maana yake zilikuwapo kurasa zaidi ya 60, kila moja ndani ya jalada lake, na hakuna aliyeziweka meza moja akauliza: hivi maji ya ardhi hii yanakula chuma?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Aliso Canyon daftari lilikuwapo, limejaa tele, na mali ikapotea hivyohivyo. Kuandika ni nusu ya kazi. Kanuni nzuri ya kumbukumbu humtaka mwendeshaji aonyeshe pia alifanya nini na kile alichokiandika: kwa nini kisima hiki kilitangulizwa na kile kikaachwa, hesabu ilifanywaje, nani aliamua.

Ndivyo kanuni ya serikali kuu ya Marekani inavyosema sasa. Kumbukumbu zinazoonyesha namna uimara wa hifadhi unavyosimamiwa hutunzwa kwa uhai wote wa hifadhi, pamoja na mahesabu, mabadiliko na sababu za kila uamuzi. Ukiondoa vali leo, mkaguzi wa miaka arobaini ijayo anatakiwa aikute sababu.

Na taarifa za nje nazo ni kumbukumbu. Uvujaji uligunduliwa tarehe 23, lakini ofisi ya dharura ya jimbo ilipewa taarifa rasmi tarehe 26. Septemba 2016 kampuni mwenye hifadhi, SoCalGas, ilifika mahakamani ikaamua kutopinga shtaka la kuchelewesha taarifa hiyo.

Dhana: kisima kilichozibwa na kusahauliwa hakina madhara.

Waulize watu wa Hutchinson, Kansas. Mji huo umekaa juu ya chumvi, iliyogunduliwa huko mwaka 1887, na kwa miongo mingi wenyeji walichimba visima vya kuivuna: unateremsha maji, unapandisha maji ya chumvi. Biashara zikafa, nyumba na maduka vikajengwa juu, visima vikabaki chini. Vingi havikuwa kwenye ramani yoyote.

Kilomita 11 kutoka mjini kulikuwa na hifadhi ya Yaggy, mapango ya chumvi yaliyotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya propani. Biashara hiyo haikuenda, visima vikazibwa kwa saruji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vikafunguliwa upya, saruji ikatobolewa, zamu hii kwa ajili ya gesi asilia. Katika kisima S-1 kesingi ilikuwa na tundu mita 181 hivi chini.

Asubuhi ya tarehe 17 Januari 2001 presha ya S-1 ilishuka ghafla. Gesi ilikuwa imepata ufa katika tabaka jembamba la mwamba, ikasafiri nalo kimyakimya hadi chini ya mji, na huko ikakuta milango iliyoachwa wazi: vile visima vya chumvi visivyo na jina. Maduka katikati ya mji yalilipuka. Maji ya chumvi na gesi yakaruka kutoka ardhini kama chemchemi, mahali ambapo hapakuwa na mtu aliyejua kuna shimo. Kesho yake mlipuko mwingine ulitokea kwenye makazi ya nyumba za kuhamishika, na watu wawili wakapoteza maisha.

Kitu kimoja hapo kilikuwa hitilafu ya chuma. Kingine kilikuwa karatasi ambayo haikuwahi kuandikwa, au iliandikwa na mtu aliyekufa, ikapotea naye. Ndiyo maana mwenye hifadhi leo hutakiwa kujua pia visima vya watu wengine vinavyotoboa mwamba wake, vilivyozibwa na vilivyotelekezwa.

Dhana: Marekani imekuwa na sheria kali za jambo hili siku zote.

Hifadhi za ardhini zilikuwapo Marekani tangu 1916, pale Zoar karibu na Buffalo. Kanuni ya serikali kuu inayogusa kisima chenyewe ilikuja Desemba 2016, karne moja baadaye, baada ya Bunge kuiagiza wakala wa usalama wa mabomba, PHMSA, kufanya hivyo mwezi Juni. Kabla ya hapo wakala huyo alisimamia mabomba ya juu. Ukishuka chini ya ardhi, ilikuwa kazi ya kila jimbo kwa namna yake. Wala uvujaji haujakoma: Novemba 2022 kisima kimoja cha Rager Mountain, Pennsylvania, kilivuja kwa takriban wiki mbili.

Dhana: kila kilichomo kwenye kanuni ni lazima.

PHMSA haikuandika kila kitu upya. Ilichukua miongozo miwili ya taasisi ya mafuta ya Marekani, API, ya 1170 kwa mapango ya chumvi na 1171 kwa miamba, ikaitia ndani ya sheria. Miongozo hiyo ina sentensi za aina mbili, na Kiswahili kinazitenga vizuri: *sharti* na *yafaa*. Kanuni ya muda ya 2016 ilizigeuza zote kuwa sharti. Waendeshaji wakalalamika, na kanuni ya mwisho ya Februari 2020 ikazirudisha *yafaa* kuwa *yafaa*.

Kilichobaki sharti kina tarehe. Tathmini ya kwanza ya hatari ilitakiwa ifike walau asilimia 40 ya visima kufikia 13 Machi 2024, na visima vyote ifikapo 13 Machi 2027. Baada ya hapo hurudiwa, isipite miaka saba.