Kuuguza Ndugu Mwenye Maradhi ya Akili: Maswali ya Kina Mama wa Pemba

Anayeumwa ni mwanangu. Mbona mimi ndiye nisiyelala na presha yangu haishuki?

Kwa sababu unauguza usiku na mchana bila wa kukupokea. Mlango ukigonga tu, moyo unakwenda mbio. Wanaouguza kwa miaka wako katika hatari ya sonona, wasiwasi na maumivu yasiyoisha. Ukienda kupima presha, mwambie daktari kwamba nyumbani una mgonjwa wa akili. Wengi hawasemi, nalo ni jambo la kwanza anapaswa kulijua.

Na riziki?

Inapungua kimyakimya. Mama anayelima mwani hutegemea maji ya bamvua, bahari inapokupwa mbali. Mtoto akizidiwa siku hizo, bahari haimngoji. Atasubiri bamvua jingine, kiasi cha wiki mbili, na huku nauli ya kliniki inatakiwa.

Majirani wanasema ni jini, na dada zake hawaposwi.

Hili linaumiza kuliko nauli. Maradhi kama skizofrenia, yanayomfanya mtu asikie sauti au aamini mambo yasiyokuwepo, yanahusiana na ubongo, urithi na mitihani ya maisha. Hayatokani na malezi ya mama, wala asikubebesheni mtu lawama hiyo. Urithi upo, lakini ndugu wengi wa mgonjwa hawaugui. Kisomo cha Qur'ani si tatizo, mradi dawa zisikatishwe.

Ramadhani anataka kufunga. Aache dawa?

Asiache. Kabla ya mwezi kuandama, muulizeni daktari kama vidonge vinaweza kuhamishiwa baada ya futari na daku, na kama hali yake inaruhusu kufunga. Dawa ikikatishwa, maradhi mara nyingi hurudi, na nyumba nzima huanza upya.

Akichafukwa, tumfunge kamba?

Hapana. Kamba inajeruhi na inamzidishia hofu. Ondoeni visu na mapanga, watoto waende kwa jirani, mtu mmoja anayemwamini azungumze naye taratibu. Kisha apelekwe hospitali iliyo karibu. Unguja ipo Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili. Makelele na kumsimanga kila siku, hata akiwa ametulia, huchangia maradhi kurudi.

Kaka zake wako mjini, wanatuma pesa. Haitoshi?

Pesa inasaidia, lakini haimkalii mgonjwa. Mmoja aje akae naye siku nzima, ajue dawa zinanywewa saa ngapi, na mama aende arusini, baharini, au alale tu.